Mvumaji aliyeacha kuvuma

Kipupwe kikiingia Dodoma na mishubiri ikachanua, chozi hawakosekani. Dume anameta kama kioo, mdomo mwembamba uliopinda anauzamisha ndani ya ua mpaka usoni. Picha zake zikifika mitandaoni huitwa ndege mvumaji. Siye. Wavumaji wapo mabara ya Amerika tu, na ndugu zao wa karibu ni teleka, wale wenye mbawa za mundu wanaozunguka juu ya maghorofa jioni. Chozi yuko upande wa shomoro. Kilichowafananisha ni chakula: wote wanaishi kwa mbochi, yale maji matamu ya maua, wakiongezea wadudu.

Lakini yuko mvumaji mmoja ambaye, akila, anakaa kama chozi kabisa. Ni Oreotrochilus estella wa milima ya Andes: kusini mwa Peru, Bolivia, kaskazini mwa Chile na Argentina. Ana urefu wa sentimita 13 hivi na uzito wa karibu gramu 8, sawa na vijiko viwili vya chai vya sukari. Dume ana koo la kijani kinachong'aa na tumbo jeupe lenye mstari wa hudhurungi katikati. Jike ni wa kijivujivu, koo lina madoadoa. Wengi wanaishi kati ya mita 3,500 na 4,500. Dodoma mjini ni mita 1,100 na ushei.

Wavumaji wameitwa hivyo kwa sababu mbawa zao huvuma wanapoelea hewani mbele ya ua. Kuelea hivyo ni kazi inayokula nguvu kuliko karibu zote anazofanya ndege. Ukiwa mita 4,000, oksijeni katika kila pumzi ni kama asilimia 60 ya ile ya pwani, na hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo bawa linakosa cha kusukuma. Damu imejirekebisha: utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba himoglobini, protini inayobeba oksijeni damuni, ya wavumaji wa Andes waishio juu hushika oksijeni kwa nguvu zaidi kuliko ya wenzao wa chini. Hata hivyo estella amechagua njia ya mkato. Anatua. Miguu yake ni mikubwa kuliko ya wavumaji wengi, naye huishika shina, akainama na kunywa. Ua lake kuu ni chuquiraga, kichaka cha miiba chenye vichwa vya rangi ya chungwa, cha jamii moja na alizeti yetu. Miiba ile ndiyo ngazi yake.

Usiku ndio mtihani. Mchana mwili wake una joto la nyuzi 40 hivi, nje usiku kunaganda barafu, na mwili mdogo hupoteza joto haraka. Akijaribu kubaki na joto lile hadi asubuhi, akiba ya mafuta inaweza kuisha kabla jua halijachomoza. Kwa hiyo anajizima. Jioni anaingia pangoni au kwenye ufa wa mwamba na kujibandika ukutani kwa kucha. Mapigo ya moyo na pumzi vinashuka, mwili unapoa kuifuata hewa. Mtafiti F. Lynn Carpenter, aliyewachunguza Peru katika miaka ya 1970, alipima joto la mwili lililoshuka hadi nyuzi 6.5. Mwaka 2020 iliripotiwa kwamba mvumaji mwingine wa Peru, Metallura phoebe, alifika nyuzi 3.3. Ukimshika wakati huo utadhani amekufa.

Pango si anasa. Ndani hakushuki baridi kama nje, na hiyo ndiyo tofauti kati ya kupoa na kuganda: hewa ikishuka mno, ndege aliyejizima inabidi achome mafuta ili asigande, na akiba aliyokusudia kuitunza inakwenda. Kujiwasha nako kuna gharama. Kabla ya mapambazuko misuli ya kifua inatetemeka, joto linapanda taratibu hadi aweze kuruka. Aliyelala na njaa anaweza kukosa nguvu za hatua hii ya mwisho. Tena katika hali ile hawezi kumkimbia adui yeyote. Ndiyo maana haifai kuiita usingizi. Ni kamari ambayo ndege huyu ameijua vizuri, na katika majira ya baridi huicheza mara nyingi zaidi.

Jike mwenye mayai kwa kawaida hajizimi, maana mayai yangepoa pamoja naye. Anategemea tago, yaani kiota chake. Ni kubwa na nene kwa ndege wa kimo chake, la kuvumwani (ukoga wa juu ya mawe), manyoya na sufu ya kondoo au llama, yule mfugo wa Andes wa jamii ya ngamia, limeshikamana na ukuta wa mwamba chini ya kitu kinachozuia mvua, mara nyingi upande unaopigwa na jua la asubuhi. Mayai ni mawili. Huatamiwa siku 20 hivi, kisha makinda hukaa tagoni zaidi ya siku 35, muda mrefu kuliko wavumaji wa nyanda za chini. Dume hasaidii lolote.

Hapo ndipo chozi wetu anapomzidi. Jike wa chozi hutundika kifuko cha nyasi na utando wa buibui kwenye ncha ya tawi, mlango ubavuni, mara nyingi na kibaraza kidogo juu yake. Makinda wakitoka, dume naye huja na buibui mdomoni.