Nilivyopata kazi ambayo hakuna tangazo lililoitaja

Usaili wangu wa kwanza baada ya kumaliza shahada ya uhandisi wa miji endelevu ulichukua dakika kumi na mbili. Tano za mwanzo nilijiona nimeng'ara. Nilieleza jinsi Seoul walivyoanza mwaka 2003 kubomoa barabara ya juu na kuufukua mto Cheonggyecheon uliokuwa umezikwa chini yake, nikahamia Copenhagen na mvua ya tarehe 2 Julai 2011 iliyowafanya wapange upya njia za maji mji mzima. Wasaili walinisikiliza kwa adabu. Kisha mmoja akanisogezea karatasi na kalamu: hekta 2 za nyasi zitawekwa lami ziwe maegesho ya magari, mvua ni milimita 90 kwa saa, maji yatakuwa kiasi gani na bomba liwe la kipenyo gani?

Nilikwama. Kanuni niliijua kwa sura, kama unavyomjua mtu wa basi moja. Unachukua mgawo wa utiririko, yaani sehemu ya mvua inayotiririka juu badala ya kunywea ardhini, unazidisha na ukali wa mvua, unazidisha na eneo, unagawa kwa 360, jibu ni mita za ujazo kwa sekunde. Nyasi ukizipa 0.2, unapata lita 100 kwa sekunde. Lami ukiipa 0.9, unapata lita 450. Uwanja ule ule, mvua ile ile, maji mara nne na nusu. Kuhusu kipenyo, nilipaswa kwanza kuuliza mteremko ni kiasi gani, na nadhani hilo swali ndilo walilokuwa wakilingoja. Sikuliuliza.

Shahada yenyewe siilaumu sana. Inakugusisha maji, usafiri, nishati, majengo, taka, ramani na sera, kila kimoja kwa muhula mmoja au miwili, na unatoka ukijua kwa nini mafuriko ya mtaa wa bondeni yameanzia kwenye vibali vya ujenzi vya mlimani. Mhandisi wa ujenzi wa kawaida mara nyingi hafundishwi kutazama hivyo. Ila mwajiri hatangazi nafasi ya kutazama. Anatangaza nafasi ya mtu wa kuchora mitaro.

Baada ya miezi saba ya kutuma wasifu ule ule kila mahali, nilikusanya matangazo 40, hata yale ambayo nilidhani hayanihusu. Nikayachapisha, nikafuta vyeo vyote kwa kalamu nyeusi, nikabaki na vitenzi. Kupima. Kuchora. Kukadiria gharama. Kukagua. Kuandaa ramani. Kuandika ripoti. Neno "endelevu" lilikuwa katika matangazo manne tu, na mawili kati ya hayo yalitaka uzoefu wa miaka kumi. Lakini matangazo kumi na tisa yalihusu maji kwa namna moja au nyingine: maji safi, majitaka, maji ya mvua. Nikaamua basi, mimi ni mtu wa maji. Sikuongozwa na wito wowote, niliongozwa na hesabu ya matangazo.

Miezi mitatu iliyofuata nilishinda na programu mbili za bure za Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani: SWMM, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1971, kwa ajili ya maji ya mvua, na EPANET ya mwaka 1993 kwa mitandao ya maji safi. Ramani nilizifanya kwa QGIS, nayo ni ya bure. Nilichagua mtaa mmoja, nikatembea na daftari nikihesabu chemba na makalvati, nikaunda modeli yake, nikaandika ripoti ya kurasa tisa. Ilikuwa na makosa. Hata hivyo, ripoti ile ilinifungulia milango kuliko tasnifu yangu ya kurasa 80, maana msaili anaweza kuisoma ukiwa umekaa mbele yake.

Kazi ya kwanza haikuwa ya ofisini. Mkandarasi wa mifereji alihitaji msaidizi wa saiti, nami nikaenda huku baadhi ya wenzangu wakisema nimejishusha. Wiki ya pili nikapewa mchoro wa bomba la mita 60, mteremko wa 1 kwa 200. Maana yake bomba lishuke sentimita 30 kutoka mwanzo hadi mwisho. Msimamizi wa mafundi, mzee asiyependa maneno mengi, alipima chemba ya kupokelea maji, akaniita.

"Injinia, hapa tuna sentimita 18 tu."

Nikamwambia mchoro unasema 30.

"Sawa. Maji yakija, utayasomea mchoro."

Chemba ya zamani ilikuwa juu kuliko ilivyoandikwa. Bila shaka aliyechora alitumia vipimo vya mezani. Tulisimamisha kazi siku mbili, nikapima upya njia nzima, nikapendekeza bomba pana zaidi na mteremko mdogo zaidi, baada ya kuhakikisha kwamba mwendo wa maji bado utatosha kusukuma mchanga usituame. Pendekezo lilirudi na marekebisho mawili na sahihi. Hapo ndipo nilipoanza kujiita mhandisi bila kuona haya.

Mwaka uliofuata nilihamia mamlaka ya maji, kitengo cha kupunguza upotevu wa maji. Wahitimu wengi wa fani yetu hawakifikirii kabisa kitengo hiki, nami sielewi kwa nini. Mamlaka ya maji ya Phnom Penh, Kambodia, ilikuwa ikipoteza asilimia 72 ya maji yake mwaka 1993; chini ya uongozi wa Ek Sonn Chan hasara ilishuka hadi kama asilimia 6. Kwangu mimi huo ni uendelevu kuliko bustani yoyote ya juu ya paa. Kazi yenyewe ni ya usiku. Unaigawa mitaa katika kanda, kila kanda na mita yake, halafu unasoma mita kati ya saa nane usiku na saa kumi alfajiri, watu wamelala. Maji yanayoendelea kupita muda huo kwa sehemu kubwa ni ya uvujaji. Unatembea na fimbo ya kusikilizia, unaigusisha kwenye vali, unaweka sikio. Bomba linalovuja lina mlio wake, na ukishauzoea huusahau. Nililala mchana kwa miezi kumi na minne.

Sasa niko kwenye kampuni ya ushauri wa kihandisi, naunda modeli za maji ya mvua kwa mitaa mipya. Wenzangu wa darasa wametawanyika. Mmoja anahesabu magari na abiria kwenye makutano, anapanga njia za mabasi ya mwendokasi. Mwingine anakagua matumizi ya nishati ya majengo. Huyo cheti cha EDGE, cha majengo yanayotumia rasilimali kidogo, kilimfaa, kwa kuwa wateja wake wanataka kuthibitisha kwamba jengo linaokoa angalau asilimia 20 ya nishati na ya maji. Yupo wa halmashauri anayepitia vibali, anayelalamika kila tukikutana, na nadhani ndiye mwenye nguvu kuliko sisi sote. Wawili walienda moja kwa moja kusoma uzamili. Mmoja alijua anatafuta nini. Mwingine alikuwa anaahirisha usaili, na alilisema mwenyewe.

Kosa langu linaloniuma bado ni daftari la mafunzo kazini. Bodi nyingi za usajili wa wahandisi hutaka kumbukumbu ya kazi ulizofanya, zikiwa na sahihi ya mhandisi aliyesajiliwa aliyekusimamia. Pale saiti sikuandika chochote kwa miezi mitano. Nilidhani usajili ni jambo la baadaye. Mhandisi niliyekuwa chini yake amehama kampuni. Nilimpata kwa simu wiki mbili zilizopita, akacheka, akasema atasaini kile tu atakachokikumbuka. Nimemtumia mchoro wa lile bomba la mita 60, wa kabla na wa baada, na ukurasa wenye vipimo vya chemba nilivyoviandika kwa mkono. Nasubiri jibu lake.