Kupakua mbizi za Ziwa Victoria kwa Subsurface: panapokwama na namna ya kupanasua

Ninatumia Subsurface kwenye Ubuntu. Ni programu huria ya kuweka kumbukumbu za mbizi iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2011, lakini kazi ya kuongea na kifaa chenyewe, yaani kompyuta ya mbizi unayoivaa majini, hufanywa na maktaba ya programu ya libdivecomputer ya Jef Driesen. Kwa hiyo kupakua kukigoma, usikimbilie kufuta Subsurface na kuiweka upya. Mara nyingi tatizo liko kwenye waya au ruhusa.

Anza na vile vituo vya chuma vya kifaa ambavyo waya hushikia. Tope la ziwani hukauka juu yake, na kifaa huanza kutuma halafu hukatika katikati. Mimi huvisugua kwa kifutio cha penseli, kisha navifuta kwa kitambaa kikavu.

Chomeka waya, fungua terminali, andika:

sudo dmesg | tail

Waya nyingi za USB zitajitokeza kama ttyUSB0. Jina likionekana na kutoweka papo hapo, hasa kwenye Ubuntu 22.04, mshuku brltty: ni programu ya breli inayoidhania chipu ya CH340 iliyo ndani ya baadhi ya waya kuwa kifaa chake. Kama humo ndani hakuna anayetumia breli, iondoe:

sudo apt remove brltty

Jina likibaki lakini Subsurface ikakataliwa kulifungua, ni ruhusa:

sudo usermod -a -G dialout $USER

Kisha toka kwenye akaunti uingie tena. Kufunga dirisha la terminali peke yake hakutoshi. Hapo ndipo wengi hukwama wakadhani amri haikufanya kazi.

Ndani ya Subsurface chagua kampuni, modeli na ttyUSB0. Weka pia alama kwenye kisanduku cha kuhifadhi faili la logi la libdivecomputer, maana ukihitaji msaada hilo ndilo watakalokuomba. Bando likiisha si neno, kwani kumbukumbu hukaa kwenye faili lako mwenyewe.

Sasa namba zenyewe. Kifaa hupima shinikizo, kisha hukisia mita. Kilichopangwa kwa maji ya chumvi ya kilo 1,030 kwa mita ya ujazo, ukizama mita 30 ziwani kitaandika takriban 29.1. Badilisha aina ya maji kuwa yasiyo na chumvi kwenye maelezo ya mbizi. Hilo ni la kumbukumbu tu. La hatari ni mwinuko. Ziwa liko karibu mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni kama milibari 885. Kompyuta ya mbizi ya Suunto Vyper iliyotoka Diani, pwani, ikiwa kwenye kiwango cha mwinuko cha A0, yaani mita 0 hadi 300, itakupa muda wa kukaa chini mrefu kuliko unaostahili. Weka A1, kiwango kinachofuata, kabla ya kuingia majini. Subsurface haiwezi kukuokoa baada ya mbizi.

Kusasisha programu ya ndani ya kifaa ni jambo jingine. Kampuni nyingi zimeifungia kwenye programu zao. Kompyuta za mbizi za OSTC za kampuni ya Heinrichs Weikamp hukubali kusasishwa, kupitia programu ya OSTC Companion au Subsurface. Pakua mbizi zote na uhifadhi mipangilio kwanza, chaji kifaa hadi kijae, na usitegemee kompyuta isiyo na betri, umeme usije ukakatika katikati. Ukimaliza, kagua upya saa, uchumvi na gesi kabla ya kukivaa.