Andika unachotabiri, kisha sema "Shusha!"

Tangu nikubali kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya binamu yangu, ndugu wanaonijua tangu utotoni wananiuliza ujasiri huu nimeutoa wapi. Wanamkumbuka mtoto aliyekimbilia jikoni wageni wakija, asije akapita sebuleni kuwaamkia mmoja mmoja. Nyumbani walisema nina haya, na binti mwenye haya kwetu anasifiwa. Mimi nilijua ni hofu. Moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa jasho, na kichwani nina uhakika kwamba wote wananitazama na wameshaniona sifai.

Ukubwani hofu hiyo ilinifuata mpaka kwenye daladala. Mkazi wa Dar ataelewa. Nashukia kituo kidogo ambacho gari halisimami mpaka abiria aseme. Konda akiuliza, "Hapo wapo?" lazima mtu apaze sauti: "Shusha!" Nilikuwa nanyamaza nikiomba mwingine aseme. Asipotokea, napitishwa kituo, narudi kwa miguu juani. Nikajitengenezea vificho: kukaa karibu na konda ili nimguse tu bega, kuvaa hedifoni zisizo na muziki, kukodolea macho simu iliyozimwa data.

Dawa pekee niliyoijua wakati huo ni kujisemea maneno mazuri. Asubuhi mbele ya kioo: mimi ni jasiri, watu wananipenda. Kila nikisema, kuna sauti ndani inanijibu: muongo. Baadaye nilisoma utafiti wa mwaka 2009 wa mwanasaikolojia Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake. Waliwapa watu sentensi ya namna hiyohiyo wairudierudie. Wale waliojithamini kidogo walijisikia vibaya kuliko wenzao wa hali kama yao ambao hawakuisema. Nilipoisoma habari hiyo nilishusha pumzi.

Msaada niliupata kwa mwanasaikolojia mmoja, dada mtulivu asiye na haraka. Najua wengi wetu tukisikia afya ya akili tunawaza Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, tunaona si mahali petu. Yeye alitumia tiba inayoshughulikia mawazo na matendo kwa pamoja. Aliyeijenga sana ni daktari Aaron Beck wa Philadelphia, Marekani. Katika miaka ya 1960 Beck aliona kuwa wagonjwa wake wa sonona wana mawazo yanayopita kichwani upesi, na wanayaamini bila kuyahoji. Akawafundisha kulichukua wazo kama dai, kisha kulitafutia ushahidi.

Dada akanipa kazi ya daftari. Kabla ya jambo, niandike ninachotabiri na ninakiamini kwa kiasi gani. Baada ya jambo, niandike kilichotokea. Ukurasa wa kwanza unasomeka hivi: "Nikisema shusha, sauti itakwama, abiria wote watageuka, mtu atacheka. Asilimia 90." Chini yake, jioni hiyohiyo: "Nimesema. Sauti ilikuwa ndogo, konda hakusikia, nikarudia. Mama wa siti ya mbele akadakia, 'Shusha bwana, kuna mtu!' Kaka mmoja kageuka, akavuta begi lake nipite. Hakuna aliyecheka."

Nilipomsomea, hakunipigia makofi. Aliuliza tu, "Kwa hiyo sauti ilikwama kweli. Halafu?" Halafu nikashuka, nikaenda zangu nyumbani. Nililirudia swali lake njia nzima. Sehemu ya utabiri wangu ilitimia, na hakuna baya lililonipata.

Jaribio lililonigusa zaidi lilikuwa la vificho. Mwaka 1995 David Clark na Adrian Wells wa Uingereza walieleza jinsi hofu hii inavyojilisha. Mtu anaelekeza macho ndani, anajichora picha yake kutokana na anavyojisikia, halafu anaamini kwamba watu wanamwona hivyohivyo. Vificho vyake vinamzuia asigundue ukweli. Dada akamwita mwenzake wa ofisi ya jirani, nizungumze naye mara mbili. Mara ya kwanza nitumie vificho vyote: nipange kila sentensi kichwani kabla ya kuitoa, nishike simu, nisimwangalie. Mara ya pili niviache, nimsikilize yeye anasema nini. Kisha akaulizwa aliniona vipi. Mara ya pili, alisema, aliona anaongea na mtu. Mara ya kwanza alidhani namringia.

Maringo! Miaka yote najificha ili nionekane wa kawaida, kumbe huenda kuna watu waliondoka wakiamini nawadharau. Liliniuma. Lakini ndilo lililonifanya nivue hedifoni.

Kwenye kikao cha harusi niliposimama kusoma michango, karatasi ilitetemeka. Safari hii niliinua macho nikawatazama. Baba mdogo alikuwa anasubiri kusikia kama ahadi yake imeandikwa sawa. Shangazi alikuwa anamnong'oneza jirani yake nani bado hajatoa. Mwenyekiti alikuwa anajumlisha kwenye simu. Mkono wangu haukuwa na mtazamaji.

Mawazo chanya sijayaacha. Nimeyabadilisha yawe ya kuaminika: "Mkono utatetemeka, na hesabu itasomeka." Hilo nalisema na hakuna sauti inayonibishia. Usiku bado najiendeshea kesi, nani aliniangalia vipi, nilijibu nini. Nikijishika, nafungua daftari nasoma nilichoandika jioni ile, nazima taa.

Kama hofu imekufanya uache kazi au masomo, au unakunywa pombe kwanza ndipo uweze kukaa na watu, usibaki na daftari peke yako. Nenda kwa mtaalamu. Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, na hospitali ya karibu nawe inaweza kukuelekeza.

Kama unaanza mwenyewe, andika utabiri unaoweza kuukagua kwa macho na masikio. "Watanidharau" huwezi kuukagua, dharau iko moyoni mwa mtu. "Mtu atacheka kwa sauti" unaweza. "Nikisalimia hakuna atakayeitikia" unaweza. Uandike kabla hujatoka nyumbani, na utaje saa, mahali, na nani atakuwepo.