Msasa nilisugua mimi

Kila fundi niliyemwendea anipigie gari rangi upya alitaja bei iliyonikata maini. Gari lenyewe lilikuwa zima, injini haina neno, ila klia, ule utando angavu wa juu ya rangi, ilikuwa imebanduka kwenye boneti na paa, na kutu imeanza kula chini ya milango.

Mzee mmoja wa rangi alilizunguka akilipapasa, kisha akasema: "Kijana wangu, pesa nyingi hapa si ya rangi. Unalipia watu kukaa na msasa. Kaa nao wewe, mimi nitakupigia rangi." Alinipa sharti: rangi ibaki ile ile. Ukibadilisha, itabidi kupaka hadi ndani ya milango na chini ya boneti, na nafuu yote inaishia hapo.

Nikafungua taa, vitasa na bampa, maana rangi inayoishia kwenye ukingo wa karatasi ya kufunikia ndiyo huanza kubanduka. Kabla ya msasa nilifuta nta na grisi zote. Ukisugua juu yake unazisindilia kwenye mikwaruzo, na rangi mpya hutoka vitundu. Kutu niliikwangua hadi chuma kikang'aa. Puti, ile ya kujazia mabonde, haiui kutu, huificha tu ikiendelea kula.

Puti nilisugua kavu, msasa wa 80 kisha 180 ulio laini zaidi, kwa kuwa puti hunywa maji. Baada ya praima, yaani rangi ya msingi, mzee alipulizia ukungu mwepesi wa rangi nyeusi, akanikabidhi msasa wa 400 uliozungushiwa kibao. Nilipenda sana kazi ile! Palipoinuka pakawa peupe, palipobonyea weusi ukabaki, hata kwenye mlango ambao jicho lilikuwa limeupitisha. Nilirudia hadi weusi wote ukaisha.

Siku ya kupiga rangi alimwaga maji sakafuni kutuliza vumbi, akavaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, mimi akanitoa nje. Klia inayochanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha, ina isosaineti, sumu ya mapafu, na barakoa ya karatasi haizuii kitu. Hapo sikutaka kubana hata senti, wala kwenye klia yenyewe, kwa sababu ndiyo inayopambana na jua. Kila mkono, yaani kila tabaka alilopiga, aliuacha ukauke kiasi kabla ya kurudia.

Vumbi kidogo lilinasa kwenye boneti. Klia ilipokauka kabisa tuliliondoa kwa msasa wa 2000 na maji, kisha polishi. Mzee akapitisha kiganja mlangoni, akaniuliza kama nina nafasi ya kumsaidia gari lililofuata.