Karatasi Ndani ya Mlango wa Kabati

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Zaburi 42:5: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu? Umtumaini Mungu."

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, mimi nilikuwa na mkopo wa kikundi. Sisi tunaonunua dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, tulielezwa sababu, samaki wapate nafasi ya kuzaliana, na tuliielewa. Ila marejesho hayana likizo. Kila Ijumaa katibu anafungua daftari, na mimi nyumbani nilibakiwa na gunia moja na nusu.

Dada mmoja wa maombi akaniambia, "Mama Eliza, acha kunung'unika, kiri ushindi." Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika: "Mimi ni mfanyabiashara mkubwa. Sidaiwi." Nikabandika ndani ya mlango wa kabati, baba watoto asije akaniuliza maswali. Kila asubuhi nikifungua kutoa kitenge, natamka mara saba. (Kwa nini saba? Nadhani ni Yeriko.) Lakini kila nikisema "sidaiwi", ndani yangu kuna mtu anajibu papo hapo: "Na Ijumaa?" Kufika ya saba nimechoka kuliko nilivyoamka.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba hilo halikunipata mimi peke yangu. Mwaka 2009 Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake walitoa matokeo ya utafiti ambamo watu walirudia maneno kwamba wao ni watu wa kupendwa. Waliokuwa tayari wanajithamini walijisikia nafuu kidogo. Waliokuwa wanajiona duni, yaani wale hasa waliohitaji dawa, walijisikia vibaya zaidi. Nafsi ikisikia jambo isiloliamini, inaanza kutafuta ushahidi wa kulikataa. Na wala mtindo wenyewe haukuanzia kwenye mikesha yetu. Émile Coué, mfamasia wa Ufaransa aliyefariki 1926, aliwafundisha watu kurudia kwamba kila siku, kwa kila hali, wanazidi kuwa bora.

Sasa rudini kwenye Zaburi, maana hapa ndipo nilipokwama wiki nzima. Mwimbaji haanzi na ushindi. Mstari wa 3 anasema machozi yamekuwa chakula chake mchana na usiku. Halafu anaigeukia nafsi yake na kuihoji, kama mama anavyomhoji mtoto aliyenuna mlangoni: kuna nini? Mbona umeinama? Anasubiri kwanza, ndipo anaiagiza: umtumaini Mungu. Na mstari wa 6, mara tu baada ya agizo hilo zuri, anakiri kwamba nafsi yake bado imeinama. Haoni aibu. Maneno yaleyale anayarudia mstari wa 11, kisha tena Zaburi 43:5. Mara tatu, na machozi yakiwemo.

Angalieni pia kwamba hasemi "mimi ni jasiri". Anasema na nafsi yake kama mtu anayesema na mwenzake. Mwaka 2014 Ethan Kross na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba mtu aliyebanwa na wasiwasi akijisemesha kwa jina lake, badala ya kusema "mimi, mimi", hujitawala vizuri zaidi. Nilipolisoma hilo nilicheka. Bibi zetu wakichambua maharage husema, "We mama nanihii, hebu tulia." Nasi tulidhani ni uzee.

Najua kuna atakayenipinga kwa Mithali 18:21, mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi. Naiamini. Ila sioni mahali ilipotuagiza kukana deni. Petro ni mvuvi kama wa hapa kwetu, na jibu lake katika Luka 5:5 lina pande mbili: "tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu, lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu." Nyavu ni tupu na amesema ni tupu. Imani iko kwenye ile "lakini".

Basi Jumatatu moja ya Juni niliibandua ile karatasi, nikaigeuza, nikaandika upande wa pili kwa kalamu ya kawaida: "Mama Eliza, unadaiwa. Umeshalipa marejesho kumi na manne bila kuchelewa. Mungu aliyekuwepo kwenye hayo kumi na manne yupo. Leo nenda kwa katibu ukaseme ukweli." Nikaisoma mara moja tu. Hakuna aliyenijibu ndani.

Nilikwenda. Katibu alinitazama juu ya miwani, akaniambia nilipe nusu mpaka ziwa lifunguliwe, na faini ipo palepale. Faini niliilipa.

Karatasi bado ipo kabatini. Namba nimezikata na kuandika nyingine mara nyingi hadi pameanza kutoboka, na gundi imekufa, kila Jumatatu naibandika upya. Wiki hii jaribuni na nyinyi, kwa jina lenu, na deni mliandike kwanza.