Breki Kwanza, Springi Baadaye: MGB ya 1971 kwenye Barabara za Nakuru

Jioni moja nikitoka Kericho, nilipokuwa nikiteremka kutoka Mau Summit kuelekea Salgaa, pedali ya breki ya MGB GT yangu, gari dogo la Kiingereza la michezo, ilizama taratibu chini ya mguu kana kwamba nimekanyaga sponji. Mbele yangu lori la mizigo lilikuwa likijikokota kwa gia ndogo, kama inavyopaswa kwenye mteremko ule ambao kila dereva wa Bonde la Ufa anaujua kwa sifa yake mbaya. Nilirudisha gia hadi ya tatu, kisha ya pili, injini ikalalama, nikapiga pedali harakaharaka mara tatu nne, breki zikashika kidogo, nami nikaegesha kando ya barabara pale Sachangwan nikiwa nimelowa jasho licha ya baridi. Baada ya dakika ishirini pedali ilikuwa ngumu tena, kana kwamba hakuna lililotokea.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeandika orodha ndefu ya vifaa vya kuagiza kutoka Uingereza: kalipa (vibanio vya pedi za breki) za alumini zenye pistoni nne, diski nene zenye matundu ya hewa, springi fupi za mbele na shoki mpya za mrija. Fundi wangu, ambaye gereji yake ni mabati machache na mti mmoja wa mjakaranda, aliisoma orodha ile mara mbili, akaikunja na kunirudishia. "Mwalimu," akasema, "pesa zote hizi unataka kununua breki mpya, na zile za zamani bado hatujaziona zikifanya kazi." Nilikereka, kwa sababu mtu aliyekwisha kuota kalipa zinazong'aa hapendi kuambiwa habari za kutu. Nilifuata ushauri wake nusu nusu, na ile nusu niliyoipuuza ndiyo iliyonigharimu.

Kwa wasiolifahamu gari lenyewe, MGB ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na zaidi ya magari 500,000 ya aina hiyo yalitoka kiwandani. GT, yenye paa la chuma na mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, ilianza 1965. Langu ni la 1971, lenye injini ya sentimita za ujazo 1,798. Kwa kuwa sheria yetu kwa kawaida hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika kwa zaidi ya miaka 8, mengi ya magari haya yaliyopo hapa ni yale yale yaliyokuja zamani, yakapita mikononi mwa watu watano sita, na kila mmoja akaacha alama ya ubahili wake. Mbele kuna diski za inchi 10.75, nyuma kuna dramu za inchi 10, na kwa gari la tani moja na ushei vipimo hivyo si haba hata kidogo.

Basi kwa nini pedali ilizama? Jibu ni joto. Ukipiga hesabu ya mteremko, tukiacha upinzani wa hewa na wa matairi, kila mita 100 za kimo unazoshuka bila msaada wa injini huzipa breki joto lile lile ambalo zingelipata kwa kulisimamisha gari kutoka mwendo wa karibu kilomita 160 kwa saa. Kutoka Mau Summit hadi Nakuru unashuka mamia kadhaa ya mita. Nami, kwa ujinga, nilikuwa nimeiacha ovadraivu, ile gia ya ziada inayopunguza mizunguko ya injini, ikiwa imewashwa, kwa hiyo injini haikuwa ikizuia chochote cha maana. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka, na yakishafikisha maji ya asilimia 3.7 kiwango cha chini cha kuchemka kinachotakiwa ni nyuzi 155 tu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hubonyea. Mguu unasukuma mvuke badala ya kusukuma pistoni. Yakipoa, mvuke unarudi kuwa maji na pedali inakuwa ngumu tena. Mafuta tuliyoyatoa kwenye gari langu yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa jikoni usiku kucha.

Tulipolivua gari magurudumu, tulikuta mengine. Kalipa ya kushoto ilikuwa na pistoni moja iliyoshikwa na kutu kiasi kwamba pedi ya upande mmoja ilikuwa imebaki nene na ya upande wa pili imekwisha. Mipira ya breki ya mbele, ile inayopitisha mafuta hadi kwenye kalipa, ilikuwa imevimba kwa ndani, ugonjwa usioonekana kwa macho, kwani nje ilionekana mizima kabisa. Mpira uliovimba namna hiyo hupeleka mafuta mbele kwa shida na kuyazuia yasirudi, hivyo breki hubaki imeshika unapoachilia. Nyuma, sili ya ekseli ilikuwa ikivuja, na breki shuu za gurudumu moja zilikuwa zimeloa mafuta ya difu. Kwa maneno mengine, gari lenye breki nne lilikuwa likisimamishwa na breki mbili na robo. Kalipa za pistoni nne zingeongeza nini hapo?

Liko jambo jingine ambalo sijaliona likitajwa na wenzetu wa Ulaya, na sababu yake ni kwamba wao wanaishi karibu na usawa wa bahari. Busta ya breki, kifaa kinachouongezea mguu nguvu, hufanya kazi kwa tofauti kati ya msukumo wa hewa ya nje na ule wa ndani ya manifoldi, njia ya hewa inayoingia kwenye injini. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na msukumo wa hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Busta ile ile, basi, inakusaidia kidogo huku kuliko kule pwani, na mtu akilinunua gari Mombasa kisha akalileta Nakuru asishangae kuona pedali inataka mguu mzito zaidi.

Tulichofanya kwenye breki hakikuwa cha kifahari. Kalipa zilifunguliwa, zikasafishwa, zikapewa pistoni za chuma kisichoshika kutu na sili mpya. Diski mpya ni za kipimo kile kile cha kiwandani. Paipu zote za chuma zilitolewa na kuwekwa za mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambazo hupindika kwa urahisi na haziozi, na mipira ikabadilishwa kwa ile iliyosukiwa waya nje. Pedi nilichagua za daraja moja juu ya zile za kawaida, zinazostahimili joto bila kuhitaji kupashwa kwanza kama za mashindano. Pedi za mashindano hazishiki vizuri asubuhi ya baridi, na asubuhi ya baridi ndiyo ninayokwenda nayo kazini. Kuhusu mafuta, nilibaki na DOT 4 ya kawaida, nikaapa kuibadilisha kila baada ya miaka miwili.

Badiliko moja tu la kweli ndilo ninalolipigia debe. Gari langu lilikuwa na masta silinda (pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali) ya njia moja, maana yake paipu moja ikipasuka popote, unazipoteza breki zote nne. Kuweka masta silinda ya njia mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, kulinigharimu chini ya bei ya zile kalipa nilizoziota. Wapo watakaosema kwamba nimeuharibu uasilia wa gari. Waseme.

Sasa nije kwenye ile nusu niliyoipuuza. Fundi alinionya nisiguse kimo cha gari, lakini springi fupi na ngumu za mbele zilikuwa zimekwisha kufika, na picha nilizoziona zilionyesha gari limeinama kama chui anayenyatia. Nikazifunga. Siku ya tatu nilikwenda kumwona rafiki katika mtaa wa London, hapa hapa Nakuru, na kwenye tuta la kwanza bomba la moshi likakwangua, kwenye la pili likang'oka kwenye kishikilio chake. Gari la Kiingereza limeumia London, marafiki walicheka kwa wiki nzima. Kwenye lami iliyochakaa hali ilikuwa mbaya zaidi: gurudumu lilikuwa likiruka juu ya mashimo badala ya kuyafuata, na tairi lililo hewani halishiki wala halisimamishi. Springi zile sasa zimelala stoo, na za kimo cha kawaida zimerudi mahali pake.

Shoki za gari hili si za mrija. Ni za mkono: sanduku la chuma lenye pistoni na mafuta ndani, na mkono unaotoka nje na kupanda na kushuka pamoja na gurudumu. Mbele, mkono huo ndio hasa mkono wa juu wa kusimamisha gurudumu, kwa hiyo huwezi kuutoa tu ukaweka shoki ya Probox. Watu wengi huzilaani bila kuzijaribu zikiwa nzima. Zangu zilikuwa zimekauka, na mkono ulipanda na kushuka bila ukinzani wowote. Mbili tulizijaza mafuta ya foku za pikipiki, ambayo katika mji wa bodaboda hayakosekani, nazo zikafufuka. Mbili nyingine zilivuja kwenye shafti, na hizo hakuna mafuta yatakayoziponya, nikaagiza zilizokarabatiwa.

Mikono ya chini ya mbele nilibadilisha bushi zake za mpira na kuweka za MGB GT V8, toleo la 1973 hadi 1976 ambalo lilitengenezwa magari 2,591 tu. Bushi hizo ni za kipande kimoja, zina gamba la chuma, na bei yake haimtishi mtu. Za plastiki ngumu nilizikataa kwa sababu ya vumbi letu na ule mlio wake wa kitanda kibovu. Stebilaiza ya mbele, fito inayozuia gari kulala kwenye kona, nimeinenepesha kutoka milimita 16 hadi 19, na tofauti hiyo ndogo isikudanganye: ugumu wa fito hukua kwa kipeo cha nne cha unene wake, kwa hiyo milimita 3 hizo zimeuongeza karibu maradufu. Gari halilali tena kwenye kona, na bado springi zake ni laini.

Springi za nyuma za mabapa nilizipeleka kwanza kwa mhunzi wa springi za malori, akazikunja upya zikiwa baridi. Zilipendeza kwa miezi minne, kisha zikalegea kama zamani. Nikanunua mpya.

Mwezi uliopita nilirudi Kericho kwa makusudi. Wakati wa kurudi nilizima ovadraivu kabla mteremko haujaanza, nikaingiza gia ya tatu, na breki nikazigusa kwa vipindi vifupi badala ya kuziegemea. Pale Sachangwan nilisimama, nikainama karibu na magurudumu nikanusa: joto lilikuwepo, harufu ya kuungua haikuwepo, na pedali ilikuwa pale pale nilipoiacha Mau Summit. Dramu ya nyuma kushoto tu ndiyo iliyokuwa na joto kuliko ya kulia, na Jumamosi hii tunaifungua.