Kilo 14.6 za shaba, yuan 30

Baba yangu ananunua skrepa Tandika tangu sijazaliwa. Nimekulia katikati ya rejeta, betri zilizokufa na nyaya zilizochunwa, na bei ya shaba kwa kilo niliijua kabla sijamaliza kukariri jedwali la kuzidisha. Kwa hiyo nilipokuja kusoma Xi'an, China, nilichotamani kukiona hakikuwa lile jeshi la askari wa udongo linalovuta wageni wote. Nilitaka kuiona He zun.

Iko Baoji, magharibi ya Xi'an, kama saa moja kwa treni ya mwendo kasi. Ni chombo cha pombe ya matambiko, kimo chake karibu sentimita 39, kilichosubiwa mwanzoni mwa enzi ya wafalme wa Zhou, yapata miaka 3,000 iliyopita. Ubavuni kuna uso wa mnyama mwenye macho ya kutumbua, na ncha za pembe zake zimechomoza nje kabisa. Leo rangi yake ni ya kijani cha kutu. Ilipotoka kwenye kalibu iling'aa kama dhahabu.

Wanakijiji waliikuta mwaka 1963, kwenye ukingo wa udongo nyuma ya nyumba. Mwaka 1965 ikauzwa kwenye kituo cha kununulia skrepa kwa yuan 30. Mtumishi mmoja wa makumbusho ya Baoji akapita pale, akaiona kwenye lundo, na makumbusho wakainunua kwa yuan hizo hizo 30.

Jioni ile nilimpigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeliona hilo dude lako?"

Nikamsimulia. Alipiga hesabu palepale: kilo 14.6 kwa yuan 30, yaani yuan 2 na senti kwa kilo. Kisha akanyamaza. Mimi najua kinachofuata baada ya mizani. Nyundo, ili mzigo ulale bapa na ujae vizuri kwenye gunia, halafu tanuri.

Lakini hata waliokinunua hawakujua walichonacho. Kilikaa miaka 10 mpaka mwaka 1975, kilipoandaliwa kwa maonyesho Beijing. Ma Chengyuan, mtaalamu wa shaba za kale kutoka Shanghai, akaipapasa sehemu ya ndani, chini kabisa, akahisi kitu. Kutu iliposafishwa zikatokea alama 122 za maandishi. Hazikuchongwa juu ya shaba. Fundi alizitayarisha kwenye udongo wa kalibu kabla ya kumimina, na hapo ndipo ninapomvulia kofia, kwa sababu majirani zetu wanasubu sufuria na nimeona jinsi kalibu ndogo tu isiyo na maandishi yoyote inavyoweza kumtia mtu hasara ya siku nzima.

Maandishi yanaeleza mfalme Cheng alivyojenga makao mapya, eneo la Luoyang ya leo, na yanakumbusha maneno ya baba yake, mfalme Wu, kwamba atakaa katika "zhong guo", nchi ya katikati, na kuwatawala watu kutoka hapo. Ndipo mahali pa zamani kuliko pote panapojulikana ambapo maneno hayo mawili yameandikwa pamoja. Wakati ule yalimaanisha eneo lile tu la katikati. Leo ndilo jina ambalo Wachina wanaiita nchi yao.

Kisha He, mwenye chombo, anasema mfalme alimtunuku mitungo 30 ya kauri. Kauri! Hizi hizi tunazookota ufukweni, ndugu za kete. Mpaka leo alama ya kauri imo ndani ya maneno ya Kichina yanayohusu mali na biashara.

Baba hakuuliza habari za wafalme. Aliomba picha ya maandishi. Nikamtumia, akaikuza, akapiga tena: "Hapo penye kauri ni wapi?" Nikaizungushia duara jekundu, nikamrudishia.